Mashine ya Kumpigia Aloo Gitaa

Kijiwe chetu ni taruma moja la reli lililolazwa juu ya mawe, nyuma ya jumba la mikutano la Kaloleni, na usiniulize lilifikaje hapo kwa sababu wawili kati yetu walifanya kazi Reli na hawajawahi kuulizwa vizuri. Matheka huja na birika lake la kahawa ya tangawizi saa nne, huondoka ikiisha. Hapo ndipo tulikaa wiki tatu nzima za mwaka wa tisini na sita tukimchagulia Aloo mashine. Wiki tatu! Watu wazima, wenye watoto. Nasimulia nikiwa na hasira, na mtaona wenyewe hasira ni ya kumwendea nani.

Aloo alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya mtaa. Ukitaja benga Kaloleni ulikuwa unamtaja yeye. Lakini bendi haikuwa inalisha mtu, kwa hivyo mchana alikuwa kibarua wa kiwanda kimoja cha mikebe huko Industrial Area, na siku moja mashine ya kukata bati ikashuka mkono wake wa kushoto ukiwa bado ndani. Ikachukua vidole vitatu vya katikati, ikamwachia gumba na kile kidogo cha mwisho. Alijaribu kugeuza gitaa, nyuzi azishike kwa kulia, akaacha. Fidia ilituchukua miaka miwili, na barua zote niliziandika mimi, ndiyo maana wananiita Karani, ingawa kaunsili ya jiji walishanifuta kazi zamani. Ilipotoka, Jacklyne mkewe alitaka kibanda cha mboga kule Huruma wanakoishi. Aloo akasema hapana. Alikuwa amesikia kuna mashine inaitwa sampla. Inanasa sauti, unaikata vipande, kila kipande unakiita kwa kugusa kidude kimoja tu. Mtu wa mkono mmoja anaweza kupiga solo na watu wakacheza.

Sasa Everline, msichana aliyekulia hapa na anayepiga taipu ofisi moja ya Industrial Area, ana kaka yake Luseno anayesoma Ujerumani. Luseno alikuwa anarudi Jumamosi. Alikuwa ametuma karatasi yenye picha za sampla mbili, ya kijivu na nyeusi, na Alhamisi saa nane angepiga simu kazini kwa dada yake aambiwe anunue gani. Na hiyo Alhamisi ikafika.

— Leo tunamaliza, wasee, Aloo alisema, akiweka karatasi juu ya taruma. Ya kijivu ama nyeusi?

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Ooko, tunayemwita Spana, fundi wa Reli mpaka walipompunguza.

— Wameandika kilo ngapi hapo?

— Ya kijivu mbili na nusu. Nyeusi tisa.

— Chukua nyeusi. Mimi nimefungua injini miaka kumi na nane. Kitu kikiwa chepesi, ujue kuna kitu hawakuweka ndani.

— Hata hili taruma ni zito, akasema Naftaly. Hebu lipige benga tusikie.

Naftaly tunamwita Korti. Hajasomea sheria hata siku moja, lakini hushinda korti za Makadara akisikiliza kesi za watu asiowajua, halafu anatuletea.

— Wewe Korti nyamaza, hii si kesi.

— Kila kitu ni kesi. Uliza Aloo.

Aloo alicheka kidogo. Spana akatoa chaki mfukoni, akachora juu ya taruma visanduku vinane, vile vidude vya ile ya kijivu, saizi yake kabisa kama karatasi ilivyosema.

— Weka mkono, Aloo. Wa kulia. Eeh. Unafika kote. Sasa weka huo mwingine.

Aloo akauweka. Gumba likakaa kwenye kisanduku cha mwanzo, kile kidole kidogo kikafika cha nne. Katikati palikuwa na chaki tupu. Sote tukaangalia pale kwa muda usiofaa, mpaka Wandera akakohoa.

Wandera tunamwita Askofu, kwa sababu ana sauti ya kuombea wagonjwa, si kwa sababu kanisa lake lilimpa cheo. Hata ushemasi walimnyima; kazi yake ni kusindikiza maiti makwao.

— Ile nyeusi ina vitufe vya kinanda, akasema. Kinanda kinaingia kanisani. Hii ya visanduku nani ataikubali madhabahuni? Itaonekana ni kitu cha kupigia hesabu ya sukari.

— Nani alisema inaenda kanisani? Benga inaenda kwa baa.

— Na mazishi je? Siku hizi kazi iko wapi ila mazishini? Mwezi huu pekee nimesafirisha watu wanne nyumbani. Wanne, Spana! Vijana. Na usiniulize walikuwa wanaugua nini.

Hakuna aliyemwuliza. Mwaka huo hakuna mtu alikuwa anauliza. Matheka akapita akajaza vikombe.

— Shida ya ile ya kijivu, Aloo akasema, inasahau. Stima ikienda, taa zikizima, kila ulichoweka kimeenda. Nyeusi unaweza kuweka kwa disketi.

— Na hapa kwetu stima inaenda lini? Korti akauliza.

— Inarudi lini, ungeuliza.

— Basi ya kijivu hapana. Unapiga kwa watu, stima inapotea, ikirudi mashine inakuangalia kama haikujui!

— Lakini nyeusi nayo inashika sekunde kumi na tatu tu, nikasema mimi, maana mimi ndiye niliyesoma maandishi madogo. Sekunde kumi na tatu, jumla.

— Wametupimia, Korti akasema. Huko kwao haina mwisho. Hizi za kuletwa huku wanakata. Mwafrika akipewa dakika nzima ataanza kuongea mambo mengine.

— Wacha hizo.

— Wacha nini? Na uwanja wa ndege je? Luseno anafika pale, anaulizwa, ndani ya hiyo mashine kuna nini? Anasema, bendi. Watu wangapi? Tisa. Haya, watu tisa mahali pamoja, huo ni mkutano. Leseni ya mkutano iko wapi? Mnacheka? Nimeona mtu ameshtakiwa kwa sababu ya matanga!

Tulicheka mpaka Spana akamwaga kahawa. Askofu peke yake hakucheka.

— Mimi naogopa kitu kingine, akasema. Sauti ya mtu ni pumzi yake. Ukiikata vipande ukaifungia kwa sanduku, siku huyo mtu akifa, ile pumzi itaenda wapi? Itabaki hapo ndani ikigongwagongwa. Unagusa, analia. Unagusa, analia.

— Sasa wewe Askofu umeshaenda mbali.

— Niulizeni mimi ninayekaa na maiti.

— Gitaa si pumzi, ni waya, akasema Spana. Mimi niwaambie ukweli ambao mnaogopa kusema mbele ya Aloo. Mashine ni mashine. Ile ya mikebe ilitaka vidole, hii pia inataka vidole. Zinajuana. Ukiifungua hii nyeusi utakuta nati ni zile zile. Nyinyi mnampeleka huyu mtu kwa mdogo wake yule aliyemkata.

Hapo kicheko kiliisha. Nilitaka kumwambia Spana afunge mdomo wake, lakini Aloo aliinua ule mkono wa kushoto, akaugeuza taratibu.

— Spana, hii hela ni vidole vyangu. Nimevipeleka kwa daktari, nimevipeleka kwa wakili, nimevipeleka ofisi ya leba ya serikali nikarudishwa mara kumi na moja. Vimelipwa. Nikinunua kitu kibaya, nimekatwa mara ya pili, na safari hii ni mimi nimejikata. Jacklyne haongei na mimi tangu Jumapili. Kwa hivyo msinichekeshe. Niambieni ya kijivu ama nyeusi.

Tukaona aibu. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu tukaongea kama watu. Disketi ni muhimu. Sekunde kumi na tatu si haba kama unachukua mlango wa wimbo tu, pale gitaa linapoingia peke yake kabla ya ngoma. Vitufe anaweza kubonyeza kwa kulia, na lile gumba la kushoto likamsaidia chini. Tukanyoosha mikono, nyeusi ikapita bila kupingwa. Aloo akakunja karatasi. Alikuwa amefurahi, aki ya Mungu, sijamwona amefurahi vile tangu ajali.

Saa saba na dakika kidogo Everline akatokea, viatu vya ofisi mkononi na ndala miguuni, ametembea haraka.

— Shikamooni wazee. Mmeamua?

— Marahaba. Nyeusi! Spana akasema. Kilo tisa.

— Sawa. Nimeandika, nyeusi. Lakini Luseno aliniambia niwaulize kitu kabla hajalipa. Anasema hizi mashine zote mbili zinauzwa tupu. Anauliza, hilo gitaa la kuweka ndani liko wapi?

— Tupu namna gani? Korti akauliza. Si hapa kwa karatasi wamechora gitaa?

— Wamechora tu. Ndani hakuna kitu.

Spana akanitazama, Askofu akamtazama Spana. Nitasema ukweli wangu. Mimi niliyesoma mpaka Fomu Foo, niliyesoma hata maandishi madogo, nilidhani kunasa ni kwa sauti za watu, lakini gitaa zinakuja zimo ndani na kazi ya Aloo ni kuzichagua. Sote tulidhani hivyo. Wiki tatu!

Aloo hakushtuka hata kidogo.

— Najua ni tupu, akasema. Kwani nataka gitaa la nani? Nataka langu. Mwambie Luseno kanda ipo. Ile tulirekodi hapa jumbani tisini na moja, iko kwa Karani.

Nikaweka kikombe chini.

Ni kweli alinipa. Alipotoka hospitali alikuja nayo nyumbani akasema, Karani, kaa na hii, nisiisikie tena. Hakuna nyingine. Bendi ilipovunjika, waliokuwa na nakala walihama au walikufa, na kanda zao zikaenda na vitu vyao. Nikakaa nayo mwaka mzima. Halafu mama akafariki, tukasafiri naye Ugenya, watu wakasema lazima tunase maneno ya wazee, na dukani kanda mpya hakuna. Vile vitundu viwili vya juu, ambavyo huvunjwa ili mtu asirekodi tena, niliviziba kwa karatasi niliyotafuna. Nilijiambia huyu hataki kuisikia tena, yeye mwenyewe alisema. Na katika wiki tatu za kubishana kuhusu kilo na disketi, sikuikumbuka hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

— Aloo, nikasema. Nilirekodi juu yake.

— Upande gani?

— Zote mbili. Mazishi ya mama.

Alinitazama. Ningependa anitukane, anipige hata.

— Maneno yalitoka vizuri? akauliza.

— Yalitoka.

— Haya.

Akaangalia chini. Spana akaanza kusema kwamba anaweza kutafutwa mpiga gitaa mwingine, kijana tu, apige anaswe. Aloo akamwambia, basi huyo kijana si anunue mashine yake.

— Ngojeni, ngojeni, Korti akasema. Kanda ni nini? Ule mlango wa wimbo si tunaujua sisi sote? Si Kaloleni nzima imeucheza? Tunampata mtu wa gitaa, tunamwimbia, anafuata. Aloo anamrekebisha. Kesi imeisha!

— Imba basi, Aloo akasema.

Korti akafunga macho akaanza. Ilikuwa inaenda vizuri, halafu Askofu akasema hapo haishuki, inapanda. Askofu akaimba yake, na yake ilikuwa na kitu cha kanisani ndani. Spana akapiga kwa vidole juu ya taruma, akapoteza njia, akarudi mwanzo, akapotea pale pale. Nikajaribu mimi, kwa nguvu zote, maana nilikuwa na deni la kujaribu. Nikatoa sauti kama nne nzuri. Ya tano sikuwa nayo. Nilikuwa na picha ya watu wakicheza, na vumbi, na Jacklyne akiwa amevaa nyekundu, lakini gitaa lenyewe halikuwepo.

— Tuimbie wewe, nikamwambia Aloo.

Aloo akaanza, akasimama. Akaanza tena. Akaweka mkono wa kushoto juu ya goti, gumba na kile kidole kidogo vikaanza kutafuta. Vilienda mbele, vikarudi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mchana huo wa baridi ya Julai.

— Sikuwa naijua kwa kichwa, akasema. Nilikuwa naijua kwa vile vitatu.

Everline alikuwa bado amesimama, kalamu mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama Spana, na Korti, na Askofu, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mkubwa wa nyumba.

— Kwa hivyo hakuna mtu anaijua?

Matheka alitikisa birika, akasema kahawa imeisha. Everline akaangalia lile neno nyeusi aliloandika, halafu akachukua viatu vyake vya ofisi, akarudi kazini kungoja simu ya Luseno.