Daktari Asiyesema “Vua Viatu”

Mimi ninayeandika sifa hizi nina miaka sabini na nne. Katika kliniki hii nimewapita wakurugenzi wanne, lifti mbili na meno yangu yote ya juu; wote wameondoka, mimi bawabu bado nimesimama mlangoni. Daktari wetu, ambaye wagonjwa humwita Mama Subiri, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa. Basi naye nimempita. Mhariri wa jarida la wafanyakazi alitaka sifa hizi, ninazowasomea leo kwenye sherehe ya kumuaga, ziandikwe na mtu mwenye elimu. Nikamwambia wenye elimu walikuwa wamejifungia ofisini mambo yakitokea, aliyekuwa kwenye korido ni mimi. Shule niliiacha mapema, lakini macho sikuyaacha huko.

Kwa wageni wasioijua kazi yake: mtu akikimbia kwao akaomba hifadhi, anadaiwa ushahidi. Kama aliteswa, ushahidi ni mwili wake. Daktari anaukagua, anaandika ripoti: kovu liko wapi, lina urefu gani, linafanana na alichosimulia au halifanani. Wakili anaibeba hiyo ripoti mbele ya hakimu. Madaktari wengine huimaliza asubuhi moja, mchana wako kwenye chai. Huyu wetu? Thubutu!

Huyu mama alituchosha. Nasema kwa heshima zote, alituchosha. Wiki yake ya kwanza aling'oa saa ukutani chumbani mwake, eti mgonjwa akiiona ataharakisha maneno. Akaja kuitundika mlangoni kwangu, ili mawakili wanaosubiri wailaumu saa yangu! Mgonjwa anaingia, anapewa maji, anakaa na koti lake. Anakuja tena, anakaa na koti lake. Mara ya tatu anavua koti, basi Daktari anafurahi kana kwamba amepata mjukuu. Kufunga jengo nilikuwa nafunga mwisho kuliko mabawabu wote wa mtaa huu. Nyumbani mke wangu alichoka kusikia “ripoti, ripoti,” akaniuliza huyo Ripoti ni mwanamke wa wapi.

Sasa nifike kwa mwokaji mikate, maana bila yeye sifa hizi ni chai bila majani.

Alikuja akiwa amenyimwa hifadhi mara moja. Alikuwa ameeleza kwamba kwao alikamatwa akapigwa, na wakili wake wa zamani akaambatanisha picha za mikono yenye makovu ya moto. Afisa akajibu kwamba mwokaji mikate huungua kila siku, na huo ukawa mwisho wa maneno. Ikabaki rufaa moja. Akishindwa anapakiwa kwenye ndege na kukabidhiwa kwa walewale waliompiga. Mkewe na binti yao walikuwa wamejificha kwa shemeji, wakingoja wajue kama wana pa kumfuata.

Daktari akaikagua mikono kwa rula na taa. Akamuuliza. Yule bwana akasema kweli: “Haya ni ya tanuri, mama. Wao walinipiga nyayo.” Daktari akaandika hivyohivyo, makovu ya mikono ni ya tanuri! Wakili mpya, binti mwenye viatu vya kugonga sakafu, alitoka mle chumbani ameshika kichwa.

“Mzee wangu, huyu yuko upande gani?”

“Upande wa kuchelewa,” nikamwambia.

Zikabaki nyayo. Na nyayo mwokaji hakutaka kuzionyesha. Anakuja, anakunywa maji, anaeleza yote hadi mkalimani anafuta macho, lakini kamba za viatu haziguswi. Siku ya kesi inakaribia. Wakili akasimama palepale mlangoni pangu, mlango wa Daktari ukiwa wazi, akapaza sauti.

“Daktari, si umwambie tu avue! Au andika alivyosema, kila mtu anajua ni kweli.”

“Sijaona, siandiki.”

“Basi mwambie avue!”

“Alishaambiwa,” Daktari akasema. “Waliomwambia avue ndio waliompiga. Mimi sitamwambia tena.”

Wakili akafunga faili lake. Mimi mdomo sikuufunga, kwa sababu sijawahi. Nikasema kwa subira hii tutamsindikiza uwanja wa ndege sote, na nyayo zake tutaziona akipanda ngazi.

Sasa, mimi nilikuwa na sugunyo, ile sugu ya kubanwa na kiatu, chini ya kidole kidogo, gumu kama punje ya mahindi. Nililisimamia kimya miaka na miaka, kijana wa leo angeomba likizo. Ijumaa, kabla ya kesi ya Jumatatu, nilikuwa nachechemea koridoni, mwokaji ameketi kwenye benchi. Daktari akatokea na beseni la maji ya moto, wembe mdogo na pamba.

“Mzee, leta mguu.”

“Mimi ni mzima.”

“Leta mguu, unatembea kama kuku aliyekanyagwa.”

Nikakaa kando ya mwokaji. Daktari na mvi zake akapiga magoti sakafuni, akanivua soksi yenye tundu, akanitia mguu majini, akainua wembe. Nilipiga yowe. Si la maumivu, lilikuwa la mshangao. Mwokaji akacheka! Hatukuwa tumewahi kuona meno yake.

“Mzee, hata wembe haujafika,” akaniambia kwa lugha yetu aliyoiokoteza.

“Njoo ukae hapa wewe, tusikie sauti yako,” nikamjibu.

Daktari hakumtazama. Alilikwangua sugunyo, akanifuta mguu, akainua beseni aondoke. Ndipo mwokaji akauliza polepole, “Mama, hayo maji bado yana moto?” Na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kamba za kiatu.

“Subiri, mwanangu,” Daktari akasema. “Nikubadilishie.”

Nilimwona alivyokwenda kwenye bomba. Kwa miaka yote hiyo, ndiyo mara pekee nilipomwona huyu mama akikimbia.

Alikagua mpaka jioni. Aliandika nyama ya kisigino iliyosagika, kidole gumba kinachopinda nyuma kupita kiasi, maumivu ya kila hatua, na kwamba yote hayo yanafanana na kipigo alichokieleza. Ya tanuri hakuyafuta. Hakimu akasema daktari anayekiri kwamba mikono ni ya tanuri, akisema miguu si ya tanuri, anastahili kusikilizwa. Mwokaji akapewa hifadhi. Mkewe na binti wakafika kabla mwaka haujaisha. Wakili alimshukuru Daktari, akamshukuru mkalimani, akaishukuru mahakama. Mguu wangu haukutajwa popote, na mpaka leo sijaambiwa sababu.

Nasikia kwenye nafasi yake wanakuja vijana wawili wenye kompyuta. Karibuni wanangu. Saa iko mlangoni kwangu, na mlangoni kwangu itabaki. Atakayeirudisha chumbani atapita juu ya mwili wangu, na ripoti yake nitaiandika mwenyewe.

Mama Subiri, kwa niaba ya wote uliotuchosha, asante. Kaa kwako sasa, chai uinywe ikiwa bado ya moto, na wajukuu wakungoje wewe kwa zamu yao. Maisha yakutendee kwa upole uleule uliowatendea watu.

Na anayedhani mzee ametia chumvi, amuulize mwokaji mwenyewe. Yumo humu ukumbini, mstari wa pili, kati ya mkewe na binti yao. Katibu wa sherehe alimwomba avae rasmi, naye amevaa suti na tai. Tazameni chini: amevaa kandambili, nyayo nje, na wala hana habari.