Nepal Ikaagwa kama Hija

Kwenye feri ya Kilifi, kando yangu, Awadh, mpishi wa hoteli Malindi, alikuwa akimweleza bibi asiyemjua kwamba anakwenda Nepal kumpikia Mzungu mpanda milima. "Nyumbani wameona pasipoti, wakadhani nakwenda Hija. Mtaa mzima umekuja kuniaga na kunisamehe, hata mkwe wangu Bi Tumu, na miaka sita hatusemezani."

"Hukuwaambia?"

"Ningeanzia wapi, bibi, na pilau ishapakuliwa?"

"Wakitaka Zamzam?"

"Nepal kuna theluji. Ikiyeyuka si maji?"

"Astaghafirullah, mwanangu," akasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Wamemsamehe haji, hawakukusamehe wewe. Kamwambie mkweo."

"Na akiutangua msamaha?"

Feri ikagusa Mnarani, wakashuka wakibishana. Bi Tumu namjua. Nilikuwa nakwenda Mombasa, lakini nilibaki ferini, nikarudi kwake Malindi.