Flashi Iliyotundikwa kwa Kamba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Vuta kiti, punguza moto jikoni, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa kompyuta ambaye mtaa mzima ulimwita Washa Tuone. Jina alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea mashine na kuanza hadithi ndefu ya jinsi ilivyozimika, alikukatiza hapo hapo: washa tuone. Mkewe anasema hata siku aliyomwambia kwamba ana mimba, nusura neno hilo limponyoke.

Kazi yake ilikuwa kufufua kompyuta zilizogoma kuwaka. Tuielewe kazi hii vizuri, maana msiba wetu umo ndani yake. Kompyuta ikiharibikiwa mfumo, haiwezi kujiinua yenyewe. Fundi anachukua flashi, anaiandaa kwa kuiwekea mfumo mzima, anaichomeka, na mashine inaamkia humo. Ila kuiandaa, lazima kwanza ifutwe. Picha, nyimbo, chochote kilichokuwamo kinakwenda na maji. Kwanza inafutwa, ndipo inaandikwa.

Kwa hiyo dukani kwake kulikuwa na sheria. Flashi iliyo ndani ya kopo ni ya mtu, haiguswi. Flashi iliyotundikwa ukutani kwa kamba ni ya kazi, futa bila kuuliza. Mdogo wake, ambaye walifungua duka pamoja, aliishika sheria hiyo mpaka usingizini. "Kaka hakupenda maswali," alituambia. "Ya kopo, acha. Ya kamba, futa."

Kisha koo likaanza kumsumbua. Dawa za kikohozi zikapita, chai ya tangawizi ikapita, hospitali ikasema ukweli. Angepasuliwa, na akitoka hapo asingesema tena. Jamani, mtu yule aliyekuwa akibishana na redio.

Siku ya mwisho kabla ya kulazwa alifunga mlango wa duka akajirekodi. Hakuwa mtu wa kutuma sauti kwa simu. Alisema anajiona mjinga kuongea na kioo. Lakini siku hiyo aliongea. Aliongea na mkewe, akaongea na binti yao anayesoma mbali. Akaziweka sauti zile kwenye flashi moja, akaomba wazisikilize akishaondoka. Nakala nyingine hakuacha. Ndiyo, fundi mzima. Mafundi wanajua wanavyowagombeza wateja kwa jambo hilo hilo.

Baada ya upasuaji alirudi nyumbani hana sauti kabisa. Flashi ile alilala nayo mkononi. Mkewe aliogopa itapotelea kwenye mashuka, akaitia kamba, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Mgonjwa alitabasamu, akaiacha. Pale si dukani, ni chumbani kwake.

Asubuhi moja kompyuta ya nyumbani ikagoma, na ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha binti uso wa baba yake. Mke akampigia shemeji yake. Mdogo mtu akaja mbio na kompyuta yake ya kazini, akamkuta kaka amelala, shemeji ameenda sokoni. Flashi za kazi kazisahau ukutani kule dukani kwao. Akainua macho, akaiona flashi kwenye kamba.

Ya kamba, futa.

Aliichomeka. Kompyuta ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Akabonyeza Sawa bila kusoma, kama mafundi wote wanavyobonyeza.

Nyuma yake, Washa Tuone akafumbua macho. Akauona msumari mtupu. Akagonga chuma cha kitanda. Mdogo wake akageuka, akamwona ametoa macho, akamuuliza, "Maji, kaka?" Akaenda jikoni kumletea maji.

Aliporudi na kikombe, kaka yake alikuwa sakafuni. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye meza, mkono umeshika mguu wa meza. Akamnyanyua, akamgombeza kwa upole, akampa maji. Kaka akakisukuma kikombe. Akaonyesha msumari, kisha akaonyesha koo lake.

Hapo mdogo mtu akaelewa kwamba flashi ile ilibeba sauti ya kaka yake. Alichomoa flashi, lakini mfumo ulikwisha kuandikwa juu yake.

Mchana kutwa walihangaika wote wawili, mmoja akibonyeza, mwingine akielekeza kwa kidole. Majina ya faili yalirudi. Moja liliandikwa Mke wangu, jingine Binti. Ukifungua, kimya. Ndani mlikuwa na vipande vya mfumo tu.

Mke wa Washa Tuone alimpa mumewe karatasi, akamwomba aandike aliyoyasema. Aliandika mistari miwili, akaisoma, akaikata. Chini akaandika: "Haikuwa hivi." Hakujaribu tena. Usiku mmoja wa juma lile alifariki.

Baada ya maziko, mdogo wake alikwenda kupiga magoti mbele ya shemeji yake. Hakumaliza hata sentensi. Mama yule alimshika mkono, akamwambia: "Shemeji, msumari niliupigilia mimi, na kamba niliitia mimi. Samahani yako sitaki. Nyie mmekua pamoja. Niambie tu sauti yake ilikuwaje, maana nimeanza kuisahau."

Mdogo mtu alijaribu. Alifungua kinywa mara kadhaa, akashindwa.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mjane, kwa binti yao, na kwa mdogo wa marehemu, ambaye duka hajalifungua mpaka leo. Mungu awatie nguvu. Hatuna neno la kuwaponya, na tusijifanye tunalo. Ila wewe unayetusikiliza, kama mtu wako yupo hapo karibu, muulize chochote, hata kama mboga imeiva, umsikie akijibu. Sisi huku tunanyamaza kidogo, tumpishe aseme.