Mikate ya Baba Nanyori

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Karatu, na wageni wetu mliotoka Oldeani, Qurus na kule juu Ngorongoro, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama alivyotaka yasomwe, hata pale panapouma.

Marehemu Germana Yohani Akonaay, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Antonia tu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 kijijini Buger, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Yohani Akonaay na mama Bernadina, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya misheni mwaka 1948, akamaliza darasa la nne mwaka 1952 akiwa na mwandiko mzuri kuliko wa kaka zake, jambo ambalo hakuacha kuwakumbusha, na angependa kuendelea, ila karo haikutosha na wavulana wakatangulizwa, kama ilivyokuwa kwetu wakati ule.

Mwaka 1954 alimfuata shangazi yetu Oldeani, akaajiriwa jikoni katika shamba moja la kahawa, na huko ndiko alikojifunza kukanda unga, kuuumua kwa hamira na kupima joto la tanuri kwa kiganja cha mkono. Huko huko alikutana na Raphaeli Amsi, dereva wa trekta, mtu mpole asiyejua kukataa kipande cha mkate, wakafunga ndoa takatifu tarehe 21 Novemba 1959, na Mungu akawajalia watoto watatu, Antonia mwaka 1960, Wilibrodi mwaka 1963 na Christina mwaka 1967.

Mwaka 1974 familia ilihamia Karatu mjini, Raphaeli akajenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na marehemu akaanza kuoka mikate ya kuuza, kwanza kwa majirani, kisha kwa maduka, na kuanzia Machi 1976 kwa hoteli moja ya kule ukingoni mwa kreta, iliyotuma Land Rover kila asubuhi kuchukua mikate arobaini. Aliyekuja na gari hilo ni mtunza stoo wa hoteli, Baba Nanyori, Mmasai wa Nainokanoka, ambaye kila alipofika aliubonyeza mkate wa kwanza, akamwuliza marehemu kama leo ameoka au amefyatua matofali, naye marehemu akamjibu kwamba mwenye meno mazima haogopi matofali, wakacheka, akanywa chai ya maziwa, akaondoka. Mkewe, Mama Nanyori, alituletea samli, sisi tukapeleka mahindi, na watoto wakaitana ndugu.

Kila mwisho wa wiki marehemu aliiandikia hoteli ankara, na ankara zake zilikuwa safi, tarehe ipo, idadi ipo, bei ipo, jumla haina kosa, lakini pale pa jina la mnunuzi, palipotakiwa jina la hoteli, yeye aliandika Baba Nanyori. Msimcheke, ndugu zangu, kwa maana nani kati yetu angeandika vingine, sisi tunaomwita mtu mzima kwa jina la mwanawe, na kumtaja kwa jina lake mwenyewe tunaona ni kumvunjia heshima, tena kwa marehemu, aliyepokea mikate ndiye aliyenunua, hoteli hakuwahi kuketi nayo akanywa nayo chai. Mhasibu wa hoteli alimjua Baba Nanyori ni nani, akalipa miaka saba bila neno.

Ukaja mwaka 1983, mwaka wa msako wa walanguzi, unga na sukari vikitafutwa kwa tochi, mhasibu yule amekwisha kuhamishwa, watalii wachache, na mwezi wa Mei wakaguzi wa hoteli wakafungua majalada, wakakuta kila siku hoteli imelipia mikate arobaini ya mtu mmoja aitwaye Baba Nanyori. Wakauliza mtu huyo ni nani, mtunza stoo akajibu kwa moyo mweupe kwamba ni yeye, na jibu hilo ndilo lililommaliza, maana walisema mwenyewe amekiri. Akafukuzwa kazi bila kiinua mgongo, na hapa mjini ikaenea kwamba Baba Nanyori alikuwa akiuza mikate ya watu kwa magendo.

Hapa marehemu alituagiza tusiruke. Habari zile zilimfikia siku ya pili, na neno lake moja lingetosha, lakini aliogopa, kwa kuwa siku zile mwenye magunia mawili ya unga alilala na viatu miguuni, na tanuri ndilo lililosomesha watoto, akajiambia atapanda Ngorongoro mambo yakipoa. Alipanda mwezi wa Agosti, meneja akamsikiliza vizuri, akamwambia kwamba angekuja Mei angemsaidia mtu wake, sasa shauri limefungwa na stoo ina mtu mwingine. Akaenda mpaka Nainokanoka, Baba Nanyori akampokea, akamchinjia mbuzi, hakumlaumu kwa lolote, ila hakufanya mzaha hata mmoja, na marehemu alikuwa akisema afadhali angemtukana. Baba Nanyori hakushuka tena Karatu, marehemu akakusudia kumsafisha hadharani mbele ya watu wa mji huu, kila mwaka akisema mwakani, hadi Februari 1987 tulipoletewa habari kwamba amefariki. Majuto ni mjukuu, na huyu alikaa naye nyumbani.

Tangu mwaka ule wa 1983, hakuna ankara iliyotoka kwa marehemu bila jina kamili la mnunuzi, anwani yake, namba ya ankara na sahihi ya aliyepokea, na ninyi mafundi cherehani, maseremala na wauza mboga mlikuja barazani kwake kujifunza, akawafundisha bila malipo na kwa ukali, aliyeandika Baba Fulani akirudishiwa karatasi aanze upya. Mlidhani ni tabia yake, na mlipomsifu alinyanyuka akaenda kuchochea moto.

Mwaka 1986 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, mwaka huu moyo ukazidi kuchoka, akalazwa Juni na tena Agosti, na Jumatano tarehe 6 Septemba 1989, saa nne asubuhi, mikate ya siku ile ikiwa imekwisha kutoka tanurini, alitutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mlioleta kuni na maji, wafanyabiashara wenzake mliofunga maduka leo, na Jumuiya iliyosali nasi. Mama Nanyori, uliyeketi pale mbele na binti yako, asante kwa kuja, na hili ndilo agizo la dada yetu, kwamba watu wa Karatu wasitawanyike kabla ya kulisikia. Metui Tajewo, mtunza stoo, hakuchukua mkate hata mmoja wa hoteli, yote aliipokea kwa ajili ya hoteli na hoteli ikaila, aliyekosea kuandika ni mwoka mikate, na aliyechelewa kusema ni huyo huyo. Inatuuma kwamba Metui hayupo kuyasikia.

Nawe Germana Yohani Akonaay, jina lako tumelitaja kamili, pumzika kwa amani.