Ini la Fundi Cherehani

Ndani ya basi, fundi cherehani alimweleza jirani yake wa kiti, muuza nyama, bila hata kushusha sauti: saratani ya utumbo imetambaa hadi kwenye ini, na kesho daktari anakata sehemu yenye uvimbe. "Kitakachobaki kitakua tena, kaka."

Muuza nyama akaguna. "Dada, wamekupiga changa la macho! Mimi nakata maini mwaka wa ishirini huu. Sijaona hata moja likikua tena."

Fundi akamtazama kama anayempima suruali. "Na hao ng'ombe wako, kaka, huwa wako hai?"

Basi liliposimama hospitali, ingawa hakikuwa kituo chake, muuza nyama alishuka akambebea mkoba hadi mlangoni, huku bado anabisha.