Sauti Kumi na Moja kwenye Simu: Bi. Nelva Rocabado Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Nelva Rocabado Terceros anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Alijiunga na idara yetu ya mionzi hapa Cochabamba, Bolivia, mwaka 1991, akiwa mwanafizikia tiba pekee. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mionzi inayomfikia mgonjwa ni ile aliyoandikiwa na daktari, si zaidi wala pungufu. Wagonjwa hawakumjua kwa sura, kwa sababu alikuwa ameshapima mashine kabla hawajafika. Siku moja mkurugenzi alitaka kuwaonyesha wageni mashine mpya ambayo haijapimwa. Nelva alisimama mlangoni: “Bwana mkurugenzi, wapige picha na mimi. Mashine bado inaoga.”

Lakini kazi iliyomweka mioyoni mwetu ni ya kuhesabu watu.

Mwaka 2011, ofisi moja ya mipango mjini La Paz ilitoa orodha iliyoonyesha kwamba nchi ina wanafizikia tiba ishirini na sita. Mashine zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ilihitaji wawili. Kwa hiyo, ofisi ikasema, tuna ziada ya wawili, na mafunzo ya vijana wanne waliokuwa idarani kwetu yafungwe mwisho wa mwaka. Nelva alijua kwamba mwanafizikia mmoja huchukua miaka saba kuandaliwa. Akiondoka mzee bila mtu wa kushika nafasi yake, mashine nzima husimama na wagonjwa hurudishwa nyumbani.

Aliisoma orodha kwa kalamu mkononi. Bwana Hernán Zurita alikuwa ameandikwa Cochabamba, Oruro na Sucre. “Huyu Zurita ana miguu mingapi?” aliuliza. Kila kituo cha mionzi kilikuwa kimeandika jina la mtu anayefika mara moja kwa wiki kwa basi, na ofisi ikajumlisha tu.

Nelva akatukusanya watu tisa na simu tisa katika chumba cha kumbukumbu, ambako nilikuwa nikifanya kazi. Tungepigia vituo vyote tisa kwa dakika ileile na kuomba kuzungumza na kila aliyeorodheshwa. Alichagua saa nne kamili. Tulipata watu watatu. Waliobaki, tuliambiwa kila mahali, wametoka kula salteña, vile vimkate vya nyama vya saa nne. Nelva alicheka mpaka akavua miwani. “Jamani, nikipeleka hii La Paz nitakuwa nimepeleka hesabu ya njaa.”

Kesho yake tulipiga saa tatu. Zurita aliitika kutoka Oruro. Sucre wakanijibu, “Yupo, mzee, ila leo hayupo.” Jumla ya sauti tulizozisikia ilikuwa kumi na moja.

Alipanda basi kwenda La Paz na hesabu hiyo. Afisa alimwambia, “Dada, mimi hapa nina majina ishirini na sita.” Nelva akasukuma simu ya mezani mbele yake. “Basi waite, bwana. Nitasubiri.” Afisa alipigia vituo vinne, kisha akakata simu na kuomba kahawa. Mafunzo hayakufungwa, na nafasi mbili ziliongezwa.

Tangu hapo, kila Januari, alitengeneza jedwali la mashine zinazokuja na watu wanaozeeka. Hakuwa mkamilifu. Alisahau kwamba vijana huhama, na kati ya wale wanne wa kwanza, watatu waliondoka. Wawili walikwenda Chile, nchi niliyoikimbia mimi nikiwa kijana. Nilidhani angewafuta. Badala yake aliongeza safu ya walio mbali, na kila mwaka akawaandikia barua kuwaeleza ni mashine gani mpya itasimikwa, wapi, na lini nafasi itakuwa wazi. Ninajua thamani ya barua kama hiyo. Mimi sikuwahi kuipata.

Katika jedwali la mwaka 2018, kwenye orodha ya watakaostaafu, aliandika kwa mkono wake: Juni 2025, Rocabado, Cochabamba, atafutwe mtu mapema. Januari iliyopita, Yhoselin Terrazas, mmoja wa wale wawili, alishuka na masanduku yake kutoka Antofagasta, Chile.

“Umechelewa,” Nelva alimwambia.

“Mama, si nimekuja miezi mitano kabla!”

“Kwenye jedwali langu umechelewa wiki mbili. Vaa koti, twende.”

Wamefanya kazi bega kwa bega tangu siku hiyo, wakibishana kwa furaha.

Nelva, idara nzima inakushukuru. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, pamoja na bustani yako ya Tiquipaya na wajukuu wanaokungoja. Jumatatu tarehe 30 Juni, siku yetu ya kwanza bila wewe, wagonjwa thelathini na wanane wana miadi ya matibabu. Hakuna hata mmoja aliyeahirishiwa.