Kiti Kitupu cha Kinyozi

Kahawa ilikuwa duru ya pili, na benchi zima limegeukia kibanda cha Kinyozi, ng'ambo ya barabara. Kinyozi alikuwa amerudi kazini wiki ile kutoka hospitali. Kila asubuhi alifuta kioo, akakung'uta kiti, akasubiri wateja. Hakuja hata mmoja. Kijiweni, mwenye kisa alikuwa Breki, dereva mstaafu, maana siku Kinyozi alipoanguka, kichwa kilichokuwa mikononi mwake kilikuwa cha Breki.

– Akaniambia, "Kaka, nasikia harufu ya mpira unaungua." Nanusa, wapi! Akazima mashine, akaiweka mbali nami, akakaa chini mwenyewe. Ndipo kifafa kikamchukua. Yule mwanamume, bwana! Mwili unamsaliti, yeye anaokoa sikio langu.

– Na karudi katangazia mtaa mzima, alisema Fundi Bomba. Mishipa ya damu ubongoni imesokotana tangu tumboni mwa mama yake. Dawa anameza, wembe kaacha, mashine tu. Nani angesema hivyo hadharani?

– Sasa kusokotana kunaletaje kifafa? Breki akauliza.

– Presha! Bomba jembamba, mzigo mkubwa. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Itapitaje?

Shoti, fundi umeme, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

– Bomba gani! Ubongo una nyaya. Mishipa imezigusa, zinatoa cheche. Harufu ya mpira ni nini kama si waya? Ukimshika saa ile unachaji simu!

– Dalili ya mvua ni mawingu, Breki akadakia. Kile kichwa kina king'ora. Zimamoto wakimwajiri, watafika kabla moto haujawaka.

– Shujaa!

– Shujaa kweli!

Kijana mgeni, begi begani, aliyekuwa akiwasikiliza kando, akasimama mbele yao.

– Shikamooni. Kinyozi yule anafaa?

– Anafaa? Hakuna mkono kama ule mjini hapa!

– Tangu arudi, kamnyoa nani kati yenu?

Bomba akachungulia kikombe chake. Shoti akakumbuka kuna mtu anamsubiri. Breki akajipapasa nywele. Mara ya mwisho zilinyolewa mtaa wa pili, na zilishaota tena. Aliona haya, haya kwelikweli. Akavuka barabara, akakaa kitini.

– Ninyoe.

– Kikinijia tena je, Kaka?

– Niambie tu. Nitakulaza ubavu, nikae nawe mpaka uzinduke. Ukipata nguvu, utamalizia kichwa changu.